Hana, dul, set: jinsi ya kutumia namba za asili za Kikorea bila kuzichanganya na zile za Kichina

Wengi wanaojifunza Kikorea wanaenda vizuri mpaka wafike kwenye namba, hapo ndo wanakwama, maana Wakorea wana seti mbili za namba na zote mbili zinatumika kila siku, saa nyingine ndani ya sentensi moja hiyo hiyo. Vitabu vingi vinakupa listi ndefu ya "hapa tumia hii, pale tumia ile" halafu vinakuacha ukariri. Mi naona kukariri hiyo listi ndo kunakochosha watu bure, kwa sababu kuna mantiki ndani yake, na ukishaielewa mantiki utakuwa unakisia sahihi hata kwa neno ambalo hujawahi kulisikia. Kwa hiyo tutaanza na zilikotoka, halafu twende kwenye matumizi taratibu.

Seti ya kwanza ni hizi za asili, za Wakorea wenyewe: 하나 hana, 둘 dul, 셋 set, 넷 net, 다섯 daseot, 여섯 yeoseot, 일곱 ilgop, 여덟 yeodeol, 아홉 ahop, 열 yeol. Seti ya pili ilikuja na maandishi ya Kichina: il, i, sam, sa, o, yuk, chil, pal, gu, sip. Kama umewahi kufanya taekwondo unazijua zote mbili tayari hata kama hukuwahi kuambiwa, kwa sababu mwalimu anahesabu mateke kwa hana, dul, set, net, lakini daraja za mkanda mweusi zinaitwa il dan, i dan, sam dan. Shika huo mfano, tutaurudia.

Kwanza matamshi kidogo kabla hatujaenda mbali. Ile "eo" ni o ambayo mdomo umefunguka zaidi, inakaribia a lakini sio a. Ile "eu" ni u ambayo midomo haijakusanywa, unaitandaza kama unataka kusema i halafu unatoa u. Mwisho wa set, net, daseot na yeoseot unakata sauti, ulimi unagusa juu na hewa inabaki ndani, usiongeze "i" wala "u" mwishoni, na ilgop na ahop ni hivyo hivyo, midomo inafunga basi. 여덟 imeandikwa na herufi mbili za mwisho, l na b, ila ikisimama peke yake inasikika l tu.

Sasa asili. Kiswahili chenyewe kina hadithi inayofanana, tunahesabu moja mpaka tano kwa maneno ya Kibantu, tukifika sita na saba tunashika ya Kiarabu, tunarudi kwenye nane, halafu tisa Kiarabu tena, na makumi kuanzia ishirini yote ni Kiarabu mpaka mia na elfu. Kikorea hakikuchanganya hivyo, chenyewe kiliziweka seti mbili nzima nzima, moja pembeni ya nyingine, kila moja ikabaki na kazi yake. Kilichopotea ni namba kubwa tu za asili. Leo namba za asili zinaishia 99, ukifika 100 hakuna neno la asili linalotumika, unasema baek ambalo ni la Kichina.

Lakini zamani lilikuwepo. Mia ilikuwa 온 on, na elfu ilikuwa 즈믄 jeumeun. Tunajua hilo vizuri kwa sababu ya maandishi ya zamani, na moja ya ushahidi wenye thamani kubwa uliachwa na mgeni, Mchina wa enzi ya Song aliyeitwa Sun Mu, alifika Goryeo, ufalme wa Korea wa wakati huo, miaka ya mwanzo ya karne ya 12, kama 1103 hivi, akaandika orodha ya maneno zaidi ya 350 ya Kikorea kwa kutumia herufi za Kichina zinazokaribiana na sauti aliyoisikia. Orodha hiyo inaitwa Gyerim yusa. Humo namba zipo karibu zote: moja ameiandika kwa herufi zinazosomeka kama hadun, mbili kama tubul, mia ameandika on, lakini elfu ameandika kwa herufi ile ile ya Kichina ya elfu. Yaani hapo tayari unaona neno la Kichina la elfu limeshaanza kuingia kwenye vinywa vya watu wakati mia bado ni ya kienyeji. Na hiyo tubul inatuonyesha kwamba dul ya leo ilikuwa na silabi mbili, na b katikati ikaja kudondoka. Hangul, alfabeti ya Kikorea, haikuwepo bado, mfalme Sejong aliitengeneza 1443 na kuitangaza 1446, kwa hiyo bila huyu mgeni na orodha yake tungekuwa tunapapasa gizani kuhusu Kikorea cha kipindi hicho.

On haijafa kabisa. Wakorea wakisema 온 세상 on sesang wanamaanisha dunia yote, na 온갖 ongat, yaani "kila aina", ni on na gaji vimeungana, aina mia. Mia ikageuka kuwa "yote". Na ile jeumeun ilifufuliwa kidogo mwaka 2000, watoto waliozaliwa mwaka ule waliitwa 즈믄둥이 jeumeundungi, watoto wa milenia. Hana pia imejificha sehemu nyingi, 함께 hamkke unayoisikia kila siku kwa maana ya "pamoja" ilianza kama "wakati mmoja".

Kuna jambo lingine la asili ambalo mi nalipenda sana. Rasi ya Korea ilikuwa na falme kadhaa, na Kikorea cha leo kinatokana hasa na lugha ya Silla, ufalme ulioziteka Baekje na Goguryeo karne ya 7. Mwaka 757 mfalme Gyeongdeok wa Silla aliamua kubadilisha majina ya miji na wilaya yawe ya mtindo wa Kichina, na kitabu cha historia cha Samguk sagi kilichokusanywa na Kim Bu-sik mwaka 1145 kikahifadhi majina ya zamani pembeni ya mapya. Sasa jina jipya likiwa na herufi ya "saba" na la zamani linaanza na nanun, unaweza kukisia nanun ilikuwa saba. Kwa njia hiyo watafiti walipata namba nne kutoka maeneo yaliyokuwa ya Goguryeo: mil ni tatu, utsa ni tano, nanun ni saba, deok ni kumi. Ziangalie, hazifanani kabisa na set, daseot, ilgop, yeol. Zinafanana na Kijapani: mi, itsu, nana, too. Wanaisimu wanabishana mpaka leo hiyo inamaanisha nini, udugu wa lugha, au watu walihama, au waliazimana tu, ila ukizitazama zimepangwa hivyo unaelewa kwa nini mabishano hayaishi.

Utasikia pia maelezo kwamba daseot inatokana na kufunga vidole, maana 닫다 datda ni kufunga, na yeol inatokana na 열다 yeolda, kufungua, yaani unahesabu kwa kukunja vidole mpaka tano halafu unavikunjua mpaka kumi. Inavutia na inasaidia kukumbuka, itumie kwa hilo, ila ichukue kama dhana.

Haya, matumizi.

Swali la kujiuliza ni moja tu: hii namba inajibu "vingapi?" au inajibu "namba gani, ya ngapi kwenye mpangilio?" Ukihesabu vitu vilivyo mbele yako, watu, paka, chupa, mara ulizofanya kitu, unatumia za asili. Ukitaja namba ambayo ni jina la kitu, ghorofa, chumba, basi, simu, tarehe, sura ya kitabu, au ukipima kwa vipimo na hela, unatumia za Kichina. Rudi kwenye taekwondo, mateke yanahesabiwa, moja, mbili, tatu, ni hana, dul, set. Dan ni cheo, ni daraja namba fulani, ni il, i, sam.

Ushahidi mzuri kuliko wote kwamba mantiki ndo hii ni maneno yanayokubali seti zote mbili na maana inabadilika. Angalia:

두 번 du beon ni mara mbili, lakini 이 번 i beon ni namba mbili.
두 권 du gwon ni vitabu viwili, 이 권 i gwon ni juzuu ya pili.
세 장 se jang ni karatasi tatu, 삼 장 sam jang ni sura ya tatu.
세 대 se dae ni magari matatu au mashine tatu, 삼 대 sam dae ni vizazi vitatu.
두 분 du bun ni watu wawili kwa heshima, 이 분 i bun ni dakika mbili.

Hizo tatu za mwisho ni maneno tofauti yaliyogongana sauti tu, ila bado namba ndo inayokuambia unasikia lipi. Kwa hiyo ukichanganya namba mtu haoni kosa dogo la mgeni, anaelewa kitu kingine kabisa.

Sasa kuna mabadiliko lazima uyashike mapema. Namba tano zinabadilika zikikaa mbele ya neno: hana inakuwa 한 han, dul inakuwa 두 du, set inakuwa 세 se, net inakuwa 네 ne, na ishirini seumul inakuwa 스무 seumu. Daseot kwenda juu haibadiliki. Kumi na moja yeolhana inakuwa yeolhan, kumi na mbili yeoldul inakuwa yeoldu, hivyo hivyo mpaka juu. Ila seumu ni kwa ishirini kamili pekee, watu ishirini ni 스무 명 seumu myeong, ishirini na mmoja l inarudi, 스물한 명 seumulhan myeong. Hili wanalikosea hata waliosoma muda mrefu.

Mpangilio ni kitu kwanza, halafu namba, halafu neno la kuhesabia. Kahawa vikombe viwili ni 커피 두 잔 keopi du jan. Soju, pombe ya Kikorea, chupa moja tafadhali, 소주 한 병 주세요 soju han byeong juseyo. Ukiwa hujui neno la kuhesabia, kwenye mgahawa unaweza kuacha namba peke yake isiyobadilika, 비빔밥 하나 주세요 bibimbap hana juseyo, na ni kawaida kabisa, Wakorea wenyewe wanaagiza hivyo. Angalia tu kwamba hapo ni hana nzima sio han, kwa sababu hakuna neno mbele yake.

Haya maneno ya kuhesabia yana kazi kama ngeli, kila kundi la vitu lina lake. Anza na machache yanayobeba maisha ya kila siku: 개 gae kwa vitu vya kawaida, 명 myeong kwa watu, 분 bun kwa watu unaowaheshimu, 마리 mari kwa wanyama, samaki na wadudu, 권 gwon kwa vitabu, 장 jang kwa vitu vyembamba kama karatasi, tiketi na picha, 잔 jan kwa kikombe au glasi ya kinywaji, 병 byeong kwa chupa, 대 dae kwa magari na mashine, 벌 beol kwa nguo, 켤레 kyeolle kwa jozi ya viatu au soksi, 송이 songi kwa maua, 그루 geuru kwa miti. Ukikwama, gae itakusaidia kwa vitu, lakini kamwe usiitumie kwa watu.

Na hapa kuna jambo la adabu. Ukiingia mgahawani mhudumu atauliza 몇 분이세요? myeot bun-iseyo, nyie wangapi, ametumia bun kwa sababu anakuheshimu wewe mteja. Wewe usijibu kwa bun, hujiheshimu mwenyewe mbele ya watu, unajibu 세 명이요 se myeong-iyo. Lakini ukiwa unaongelea wazazi au mabibi na mababu wawili walioko na wewe, hapo du bun ni sahihi.

Mgahawani humo humo kuna mtego. Nyama ya kuchoma kama samgyeopsal inaagizwa kwa 인분 inbun, sehemu ya mtu mmoja, na inbun inataka Kichina: 삼겹살 이 인분 samgyeopsal i inbun, sehemu mbili. Kwa hiyo mezani utasema i inbun za nyama na du byeong za soju kwa pumzi moja. Inbun ni kipimo, ni kiasi cha watu fulani, byeong ni chupa unazoziona zimesimama hapo. Hela pia ni Kichina daima, 오천 원 ocheon won ni won 5,000.

Saa ndo sehemu ambayo mantiki yetu inapindishwa na inabidi uikubali tu. Saa ni za asili, dakika ni za Kichina. 세 시 삼십 분 se si samsip bun, tatu na thelathini, namba za asili upande mmoja na za Kichina upande wa pili. Nusu ni 반 ban, se si ban. Kwetu sisi tunaoongea Kiswahili kuna hatua ya ziada ambayo vitabu vya Kikorea haviwezi kukuonya, kwa sababu saa ya Kikorea inaanzia usiku wa manane na adhuhuri, kwa hiyo se si sio saa tatu, ni saa tisa. 오후 세 시 ohu se si ni saa tisa mchana, 오전 아홉 시 ojeon ahop si ni saa tatu asubuhi, 일곱 시 ilgop si ni saa moja, 열두 시 yeoldu si ni saa sita. Unapofanya mazoezi usitafsiri neno kwa neno kutoka saa yetu, tazama mishale au simu kisha soma tarakimu moja kwa moja kwa Kikorea. Ukipanga miadi na Mkorea kwa kukimbilia "saa tatu, basi se si" mtapishana kwa masaa sita. Jeshini na kwenye ratiba za mtindo wa masaa 24 wanatumia Kichina, 16:00 inakuwa sim-nyuk si, imeandikwa 십육 시.

Muda unaopita unafuata njia hiyo hiyo, masaa ya asili na dakika za Kichina: 두 시간 십 분 du sigan sip bun ni masaa mawili na dakika kumi. Angalizo moja dogo lenye faida kubwa: han ikikaa mbele ya namba ya Kichina haimaanishi moja, inamaanisha "kama" au "takriban". 한 십 분 han sip bun ni kama dakika kumi hivi.

Miezi na miaka inakubali pande zote ila kila upande na neno lake. Mwezi mmoja ni 한 달 han dal kwa asili au 일 개월 il gaewol kwa Kichina, ya kwanza ni ya maongezi, ya pili utaiona kwenye mikataba na mahospitalini. Mwaka ni il nyeon, au 한 해 han hae ukitaka ladha ya zamani kidogo. Tarehe za kalenda ni Kichina tupu.

Siku zina maneno yake ya asili na haya ni mazuri mno, usiyaruke: 하루 haru siku moja, 이틀 iteul mbili, 사흘 saheul tatu, 나흘 naheul nne, 닷새 dassae tano, 엿새 yeossae sita, 이레 ire saba, 여드레 yeodeure nane, 아흐레 aheure tisa, 열흘 yeolheul kumi, na 보름 boreum ni kumi na tano, nusu ya mwezi wa mwandamo. Haru, iteul na yeolheul utazisikia kila mahali. Saheul ina kisa chake, kwa sababu inaanza na sa, na sa kwa Kichina ni nne, Wakorea wengi hasa vijana wanadhani saheul ni siku nne. Mwaka 2020 serikali ilipoongeza siku ya mapumziko Agosti ili watu wapate siku tatu mfululizo, magazeti yakaandika saheul, na neno lenyewe likapanda juu kabisa kwenye utafutaji wa intaneti kule kwa sababu watu walikuwa wanauliza ni tatu au nne. Ni tatu. Se na saheul ni ndugu, ne na naheul ni ndugu, ukilijua hilo hutayumba.

Umri. Hapa ndo utazitumia zile za makumi kuliko mahali popote, kwa hiyo zijifunze kwa ajili ya umri: 20 스물 seumul, 30 서른 seoreun, 40 마흔 maheun, 50 쉰 swin, 60 예순 yesun, 70 일흔 ilheun, 80 여든 yeodeun, 90 아흔 aheun. Anza kutoka juu ushuke, kwa sababu aheun inasikika kama ahop, yeodeun kama yeodeol, ilheun kama ilgop, yesun inaanza kama yeoseot, hizo nne zitakaa kichwani bila shida, kisha nguvu zako zote ziweke kwenye seoreun, maheun na swin ambazo hazikupi msaada. Kuunganisha ni kubandika tu, 37 ni seoreun-ilgop, 99 ni aheun-ahop.

Umri unasema namba ya asili na 살 sal: 스물두 살 seumuldu sal, miaka 22. Kwenye fomu na habari utaona 세 se na namba ya Kichina, isibi se, maana ni hiyo hiyo ila ni rasmi. Mzee usimuulize kwa sal, neno lake la heshima ni 연세 yeonse. Halafu kuna suala la hesabu yenyewe, zamani mtoto alizaliwa akiwa na mwaka mmoja na kila mtu aliongeza mwaka Januari 1, sasa tangu Juni 28, 2023 sheria imeweka umri wa kimataifa kwenye mambo ya serikali na mikataba, lakini mtaani bado kuna wanaotaja wa zamani, ukitaka kuwa wazi tanguliza neno 만 man, man seumuldu sal, hapo hakuna ubishi. Na ukisikia mtu anasema ahopsu, anaongelea imani kwamba umri unaoishia na tisa, 19, 29, 39, una mikosi.

Mpangilio wa kwanza, wa pili, wa tatu: unaongeza 째 jjae au 번째 beonjjae kwenye namba ya asili. Moja inabadilika, haisemwi hana bali 첫 cheot: cheot beonjjae, du beonjjae, se beonjjae. Watoto wa familia wanaitwa cheotjjae, duljjae, setjjae. Utaniuliza mbona "ya ngapi" nimesema ni ya Kichina, na ni swali zuri. Tofauti ni kwamba beonjjae bado unahesabu ukifuata foleni, huyu, huyu, wa tatu ni yule, wakati ghorofa ya tatu sam cheung imebandikwa namba yake na haibadiliki hata ukianza kuhesabu kutoka juu.

Kukadiria ndo kunakomfanya mtu aongee kama Mkorea. Hawasemi "mbili au tatu" kwa kuweka "au", wanazigandisha: 한두 handu moja-mbili, 두세 duse mbili-tatu, 서너 seoneo tatu-nne, 네댓 nedaet nne-tano, 대여섯 daeyeoseot tano-sita, 예닐곱 yenilgop sita-saba, 일고여덟 ilgoyeodeol saba-nane. Handu na seoneo jifunze leo, hizo nyingine zije zenyewe.

Ukitembelea masoko ya zamani au ukipika na bibi wa Kikorea utakutana na hesabu za mafungu, ambazo namba ya asili inazidishwa kimya kimya. Makareli 한 손 han son ni samaki wawili. Trei ya mayai, han pan, ni 30. Ngisi wakavu han chuk ni 20, samaki bukeo wakavu han kwae ni 20, karatasi za mwani gim han tot ni 100, vitunguu saumu han jeop ni 100, na sindano han ssam ni 24. Dhahabu inapimwa kwa don, don moja ni gramu 3.75, na pete ya han don ndo zawadi ya kawaida ya mtoto akitimiza mwaka mmoja. Hapo utasikia tatu na nne kwa sura nyingine tena, 서 돈 seo don na 너 돈 neo don, sio se don wala ne don. Hizi ni sura za zamani zilizobaki mbele ya vipimo vichache, don, mal, bal, pun zinachukua seo na neo, wakati nyang, doe, seom na ja zinachukua 석 seok na 넉 neok. Huhitaji kuzitumia wewe, ila ukizisikia usidhani mtu amekosea.

Namba ikipita 99 unachanganya, mia ya Kichina na mkia wa asili: vitabu 105 ni 백다섯 권 baek-daseot gwon, vitu 101 ni 백한 개 baekhan gae. Na ukweli ni kwamba hata kabla ya hapo, kuanzia makumi kwenda juu, wengi wanahamia Kichina hasa kazini, watu 30 utasikia seoreun myeong na samsip myeong zote mbili, hakuna kosa. Ila chini ya ishirini usijaribu, kusema sam myeong badala ya se myeong kutakufanya usikike kama unasoma taarifa ya jeshi.

Na kwa kuwa tumetaja jeshi, kuna sehemu moja ambapo namba za asili zinavamia eneo la Kichina kwa sababu ya usalama. Namba za simu ni Kichina, gong-il-gong na kuendelea (gong ni sifuri), ila il na i zinafanana mno kwenye simu yenye kelele, kwa hiyo mtu akirudia namba ili asikike vizuri anasema hana badala ya il na dul badala ya i. Kwenye redio za jeshi imekuwa utaratibu kamili: hana, dul, sam, net, o, yeoseot, chil, pal, ahop, gong, seti mbili zimechanganywa makusudi ili hakuna tarakimu itakayosikika kama nyingine. Ukimtajia Mkorea namba yako akasema hajasikia, irudie hivyo hivyo, ile 1 iseme hana, ataiandika sahihi.